Jinsi Miti ya Msituni Igawanavyo Chakula cha Ardhi

 

Siku moja tulikuwa tukipanda njia ya mlimani katika Usambara ya Mashariki, kutoka Muheza kwenda Amani. Pamoja nasi alikuwapo mzee mmoja mwenyeji wa huko, mkulima tangu ujana wake. Tulipofika mahali ambapo shamba na msitu hupakana, mzee alisimama, akaweka jembe lake chini, akasema: "Wanangu, ninyi watu wa vitabu, nielezeni jambo hili. Upande huu wa njia umesimama mti ambao watu wanne hawawezi kuuzungushia mikono. Haukupata samadi hata siku moja, wala hakuna aliyeupalilia. Upande wa pili ni shamba langu. Udongo ni ule ule, na mvua ni ile ile. Mwaka wa kwanza nilivuna mahindi hata ghala ikajaa. Mwaka wa pili nilipata nusu. Mwaka wa tatu mahindi yalikuwa mafupi, ya manjano, na magunzi yake karibu matupu. Je, msitu unakula nini ambacho shamba langu halikipati?"

Hatukuweza kumjibu mzee kwa neno moja, kwa maana swali lake ni refu. Hata hivyo jibu lipo, nalo ndilo habari ya mazungumzo yetu.

Udongo Uliooshwa

Watu wengi hudhani kwamba penye miti mikubwa pana udongo mnono. Hivyo ndivyo walivyodhani Wajerumani waliofungua mashamba makubwa ya kahawa katika Usambara ya Mashariki katika miaka ya 1890. Waliukata msitu, wakapanda mibuni. Kwa miaka michache mibuni ilistawi, na matumaini ya wenye mashamba yakawa makubwa. Kisha ikaanza kudhoofika, mavuno yakapungua, na kazi ya kahawa huko ikavunjika. Mwaka 1902 serikali yao ilianzisha kituo cha uchunguzi wa mimea na kilimo pale pale Amani. Usione vyaelea, vimeundwa. Na msitu ule nao uliundwa kwa ufundi ambao watu walikuwa hawajauchungua.

Tuutazame kwanza udongo wenyewe. Amani hupata mvua karibu milimita 2,000 kila mwaka. Mvua hiyo ikinyesha juu ya ardhi yenye joto, miaka elfu kwa elfu, huufanyia udongo kama sisi tuyafanyiavyo majani ya chai tunapoyatia maji ya moto mara nyingi. Maji ya kwanza hutoka na rangi na ladha. Maji ya mwisho hayana kitu. Vivyo hivyo chumvi za ardhi zinazolisha mimea, kama potasi na chokaa, huyeyuka katika maji, zikashuka chini sana au zikachukuliwa na mito mpaka baharini. Hubaki chuma na alumini, na chuma ndicho kinachoupa udongo wetu rangi yake nyekundu.

Mmea unahitaji vyakula vingi, lakini tutaje viwili vilivyo vigumu zaidi kupatikana. Cha kwanza ni naitrojeni, ambayo huyapa majani rangi ya kijani na nguvu ya kukua. Cha pili ni fosforasi, ambayo mmea hauwezi kukosa katika mizizi, maua na mbegu. Katika udongo mwekundu uliooshwa, hata fosforasi iliyobaki hushikwa kwa nguvu na chuma na alumini, hata mizizi isiweze kuinywa kwa urahisi. Mahindi ya mzee wetu yalikuwa yamesimama juu ya chakula kilichofungiwa ndani ya sanduku, nayo hayakuwa na ufunguo.

Utajiri Unaozunguka

Basi, kama udongo ni maskini, utajiri wa msitu uko wapi? Sehemu yake kubwa imo katika miti yenyewe, na katika tabaka nyembamba ya majani yanayooza juu ya ardhi. Msitu ni kama mfanyabiashara asiyeweka fedha sandukuni. Mali yake yote iko sokoni, inapita kutoka mkono huu kwenda mkono ule. Ukimtazama akiuza na kununua, utasema ni tajiri. Lakini ukimzuilia biashara yake mwezi mmoja, atakuwa maskini.

Tuufuate mzunguko huo tangu mwanzo. Kabla jani halijaanguka, mti hurudisha katika matawi sehemu kubwa ya chakula kilichomo ndani yake. Karibu nusu ya naitrojeni na fosforasi ya jani, na pengine zaidi, huondolewa kabla halijadondoka. Ndiyo sababu majani mengi hugeuka manjano kabla ya kuanguka: mwenye nyumba amekwisha kuhamisha vyombo vyake.

Jani likiisha kuanguka, hulipokea kundi kubwa la wafanya kazi. Mchwa, majongoo na nyungunyungu hulikata na kulitafuna. Kuvu na vijidudu visivyoonekana kwa macho huliyeyusha. Kwa sababu ya joto na unyevu kazi hiyo huenda mbio. Katika nchi za baridi kama zile za Ulaya ya kaskazini, majani yaweza kulala juu ya ardhi miaka mingi. Katika misitu yetu mengi huisha kabla ya mwaka kumalizika. Ukifukua kidogo kwa kidole chini ya majani hayo, utakuta vijizizi vyembamba vimetandaa kama mkeka. Miti mirefu mno, lakini midomo yake mingi imo katika shubiri moja au mbili za juu za udongo, ikingoja kila tone la chakula kinachoshuka.

Je, mkeka huo wa mizizi hukamata vizuri? Jambo hili lilijaribiwa huko Venezuela, katika msitu wa San Carlos de Río Negro, ambao udongo wake ni maskini sana. Wataalamu wawili, Nellie Stark na Carl Jordan, waliunyunyizia mkeka wa mizizi fosforasi na chokaa zilizotiwa alama, ili waweze kuzifuata popote zitakapokwenda. Walitangaza matokeo yao mwaka 1978. Kiasi kilichopenya mkeka na kupotea chini hakikuzidi sehemu moja katika sehemu elfu moja. Ni nani miongoni mwetu aliye na ghala isiyopoteza punje zaidi ya moja katika kila punje elfu?

Nyuzi Zisizoonekana

Sasa tumefika penye moyo wa habari. Mizizi peke yake haiwezi kazi hii. Inaye mshirika, naye ni kuvu.

Mtu akisikia neno kuvu hukumbuka mkate uliooza au ugonjwa wa mimea. Ni kweli kuvu nyingine ni adui. Lakini ziko nyingine ambazo bila hizo msitu haungesimama. Mwaka 1885 bingwa mmoja wa Kijerumani, Albert Bernhard Frank, aliandika kwamba mizizi ya miti mingi aliyoichunguza haikuwa mizizi mitupu. Ilikuwa imevikwa kuvu, na vitu viwili hivyo viliishi kama kitu kimoja. Wengi hawakumsadiki. Leo yajulikana kwamba mimea mingi sana ya dunia huishi katika ushirika wa namna hiyo. Mabaki ya mimea yaliyogeuka mawe huko Rhynie katika Scotland, yenye umri wa miaka zaidi ya milioni 400, yana kuvu ndani yake. Ushirika huu ni wa zamani kuliko miti yenyewe.

Ushirika huo huendeshwaje? Kuvu ina nyuzi nyembamba mno, nyembamba kuliko unywele wa mtu mara nyingi. Nyuzi hizo huingia katika vitundu vya udongo ambamo mzizi hauwezi kupita, nazo hufika mbali kuliko mzizi ufikavyo. Hukusanya fosforasi, na pengine naitrojeni na maji, zikavileta mpaka mzizini. Mti nao hulipa. Kuvu haina majani ya kijani, basi haiwezi kujitengenezea sukari kwa mwanga wa jua; mti ndio wenye kazi hiyo. Sehemu kubwa ya sukari ambayo mti huitengeneza, hata sehemu moja katika kumi na wakati mwingine zaidi, huenda kwa kuvu kama ujira. Nipe nikupe.

Ziko namna mbili kubwa za ushirika huu, na yafaa wanafunzi wazipambanue. Katika namna ya kwanza kuvu huingia ndani kabisa ya mzizi, wala nje hakuna kitu cha kuonekana kwa macho. Hiyo ndiyo namna ya miti iliyo mingi katika misitu ya mvua, na ndiyo namna ya mahindi, muhogo, migomba na mibuni pia. Katika namna ya pili kuvu huvika ncha ya mzizi kama kofia ividhavyo kichwa, na wakati wa mvua hutoa uyoga juu ya ardhi. Hiyo ndiyo namna ya miyombo ya Tabora na nchi nyingi za kusini na magharibi ya Tanzania. Akina mama waendao kuchuma uyoga wa manjano chini ya miyombo mvua zinapoanza, wanachuma tunda la kuvu ile ile inayolisha miti. Uyoga wa kichuguu ni mwingine. Huo ni wa mchwa. Lakini ule wa chini ya miyombo ni wa mizizi, na miyombo ikikatwa yote, uyoga huo nao hupotea. Mti uitwao mbau katika msitu wa Ituri huko Kongo ni wa namna hiyo ya pili, nao hutawala mahali pengine hata miti ya aina nyingine huwa michache sana kati yake.

Kama mtu angali na shaka juu ya nguvu ya kuvu, asikilize habari ya misonobari. Mti huo si wa asili katika nchi zetu. Ulipoletwa katika nchi nyingi za joto, mbegu ziliota, miche ikasimama, kisha ikageuka manjano na kudumaa. Katika kisiwa cha Puerto Rico watu walijaribu kwa miaka mingi bila kufaulu, mpaka mwaka 1955 walipoleta udongo kidogo kutoka msitu wa misonobari wa Marekani, wakautia penye miche. Miche iliyopata udongo huo ilishika rangi ya kijani na kukua. Mingine ilibaki vile vile. Mabwana misitu wa Afrika nao walijifunza jambo lilo hilo: mche wa msonobari husafiri na udongo wake, kwa maana katika udongo huo yumo mshirika wake. Mgeni alikuwa hakukosa mvua wala jua. Alikosa mwenzi.

Mche Mdogo na Majirani Wakubwa

Uzi mmoja wa kuvu haufungwi na mti mmoja. Waweza kushikamana na mizizi ya miti miwili, mitatu au zaidi, hata ya aina mbalimbali. Kwa hiyo mbegu ya msambu ikiota katika kivuli cha Usambara, mche wake haulazimiki kuanza maisha katika ardhi tupu. Kijizizi chake cha kwanza hukutana na nyuzi zilizokwisha kutandazwa na kulishwa na miti mikubwa kwa miaka mingi. Ni kama mtoto azaliwaye katika kijiji chenye kisima. Hakuchimba yeye, lakini maji huyanywa.

Je, miti hupelekeana chakula kwa njia ya nyuzi hizo? Mwaka 1997 Suzanne Simard na wenzake katika Kanada walitangaza kwamba kaboni iliyoingia katika majani ya mti wa aina moja ilionekana baadaye katika mti wa aina nyingine ulio karibu. Habari hiyo ilienea sana, na watu wengine wakaanza kusema kwamba miti hupendana na kusaidiana kama ndugu. Mabingwa wengine wamepinga, wakisema kwamba kiasi kinachopita ni kidogo, na kwamba chakula chaweza kupita katika udongo wenyewe bila uzi wowote. Mjadala huo ungaliko, nasi hatupendi kuwauzia wasikilizaji hadithi tamu kama kweli iliyothibitika.

Lakini uko ushahidi mmoja usiobishaniwa, nao umo katika Usambara yenyewe. Kati ya majani yaliyooza huota mmea mdogo sana, mwembamba kama uzi, usio na jani la kijani hata moja. Wenye elimu ya mimea huuita Gymnosiphon usambaricus, kwa jina la milima hiyo. Mmea usio na kijani hauwezi kujitengenezea sukari, basi huishije? Hula kwa kuvu, na kuvu nayo hulishwa na mimea yenye majani mabichi. Chakula kilichotengenezwa juu katika mwanga wa jua kimeshuka mizizini, kimepita katika nyuzi, kimefika kwa mmea huu ulio gizani. Huyu si mshirika wa halali. Ni mla cha wenzake. Walakini kuwapo kwake kwatuhakikishia kwamba njia ipo na chakula hupita.

Miti Iletayo Chakula kutoka Hewani

Fosforasi hutoka katika mawe na katika majani yaliyooza. Naitrojeni, kwa upande wake, iko tele juu ya vichwa vyetu. Katika kila sehemu tano za hewa tunayoivuta, karibu sehemu nne ni naitrojeni. Lakini mmea hauwezi kuila kutoka hewani, kama vile mtu mwenye kiu hawezi kuyanywa maji ya bahari ingawa ni mengi mbele yake.

Wako wanaoweza. Ni vijidudu viishivyo katika mizizi ya mimea ya jamii ya kunde. Jaribu jambo hili wewe mwenyewe, na walimu wawaonyeshe watoto. Kunde zinapoanza kutoa maua, ng'oa shina moja polepole pamoja na udongo wake, ukalioshe. Utaona vinundu vidogo mizizini. Kata kimoja kwa ukucha. Kikiwa chekundu kidogo ndani, vijidudu vimo kazini, vinaishika naitrojeni ya hewa na kuigeuza iwe chakula. Kikiwa cheupe au cha kijani, kazi imelala.

Mishai ya Usambara ni ya jamii hiyo hiyo ya kunde, nayo ina vijidudu hivyo. Mti wa namna hiyo hujilisha wenyewe kwanza. Lakini majani yake yanapoanguka, na mizizi yake inapokufa na kuoza, naitrojeni iliyotoka hewani huingia katika udongo wa wote. Huko Panama wataalamu walichunguza misitu iliyoota upya katika mashamba yaliyoachwa. Mwaka 2013 walitangaza kwamba katika miaka 12 ya mwanzo miti ya jamii hiyo ilileta sehemu kubwa ya naitrojeni iliyohitajiwa na msitu mpya. Tena hufanya kazi zaidi wakati wa upungufu. Udongo ukishiba, mingi hupunguza kazi, kwa maana kuvilisha vijidudu ni gharama.

Si Miti Yote Iketiyo Mahali Pamoja

Kugawana kuna maana mbili. Maana ya kwanza ni kupeana. Maana ya pili ni kila mmoja kushika fungu lake. Msitu hufanya yote mawili. Mti mmoja hustawi bondeni penye udongo mzito, mwingine hupenda mgongo wa kilima. Mmoja hutuma mizizi mirefu chini, ukavuta chumvi zilizozama, kisha majani yake yanapoanguka chumvi hizo hurudi juu kwa faida ya wenye mizizi mifupi. Huko Panama imeonekana kwamba aina nyingi za miti huchagua mahali kwa kadiri ya fosforasi iliyomo: nyingine huvumilia umaskini, nyingine haziwezi. Hivyo aina nyingi hukaa pamoja bila zote kugombea sahani moja.

Hata kati ya bara na bara kuna ugavi. Kaskazini ya ziwa Chad liko bonde kavu liitwalo Bodélé, ambalo zamani lilikuwa chini ya maji ya ziwa. Upepo huinua vumbi lake na kulivusha bahari ya Atlantiki mpaka msitu wa Amazon. Mwaka 2015 wachunguzi walikadiria kwamba vumbi lipelekwalo na upepo huko huchukua karibu tani 22,000 za fosforasi kila mwaka, kiasi kinachokaribia kile ambacho mvua na mito hukiondoa. Vumbi la Afrika huulisha msitu wa watu tusiowajua.

Msitudhanie kwamba twasema msitu ni jamaa ya watakatifu. Miti hushindana kwa mwanga kila siku, na mdogo akifunikwa hufa. Kuvu huchukua ujira wake, na mti hupunguza sukari kwa mshirika asiyeleta kitu. Wala hakuna huruma katika mambo haya. Lakini katika nchi ambayo chakula ni haba, kila mmoja akitafuta faida yake amejikuta hawezi kuipata bila mwenzake.

Shoka na Moto

Sasa twaweza kurudi kwa mzee wetu na shamba lake. Mwaka ule wa kwanza alikata miti, akaiacha ikauke, akaitia moto. Moto uligeuza mali yote iliyokuwa ndani ya miti kuwa majivu kwa siku moja. Majivu yana potasi, chokaa na fosforasi, nayo hupunguza ukali wa udongo kwa muda. Ndiyo sababu mahindi ya kwanza yalijaza ghala. Mzee alidhani amevuna rutuba ya udongo; kumbe alikuwa amevuna msitu wenyewe.

Lakini naitrojeni nyingi ilipanda na moshi. Mvua kubwa zilipokuja, hapakuwa na mkeka wa mizizi wa kuyakamata majivu, yakaoshwa mpaka mtoni. Majani hayakuanguka tena, wala majongoo na nyungunyungu hawakuwa na kazi. Nyuzi za kuvu zilikosa miti ya kuzilisha, nyingi zikafa, na jembe likazikata zilizobaki. Mwaka wa tatu mahindi yalisimama peke yake katika udongo ule mwekundu uliooshwa. Mfanyabiashara alikuwa amezuiliwa biashara yake, na sandukuni hamkuwa na kitu.

Jambo la namna hii limewapata pia waliopanda iliki chini ya miti ya Usambara. Iliki hupenda kivuli, na mkulima huacha miti mikubwa imesimama. Lakini hufyeka miche yote ya chini, mwaka baada ya mwaka. Iliki ikichoka, mahali pale hugeuzwa shamba la mazao mengine, na miti mikubwa ikifa haina mtoto wa kuirithi. Msitu huo waonekana ungali upo, kumbe ni wazee watupu.

Hasara hii haiishii shambani. Mto Sigi, ambao hutoka katika milima hiyo, ndio unaowapa maji watu wa mji wa Tanga. Udongo unaooshwa mlimani huingia mtoni. Mwaka 1997 msitu wa Amani ulifanywa hifadhi ya asili, na hiyo ni hatua njema; lakini hifadhi haiwezi kulindwa na sheria peke yake kama mashamba yaliyo kandokando yake yanakufa njaa. Mkulima ambaye shamba lake limechoka hutazama msitu kwa jicho la haja.

Yatupasayo

Hatuwezi kuligeuza shamba kuwa msitu, wala watu hawali vivuli. Lakini twaweza kujifunza kwa msitu mambo machache.

La kwanza, msichome mabua na majani. Yatandazeni shambani yaoze, yazuie jua na mvua kali. Jani linalooza ni deni linalolipwa. Jani linaloungua ni deni lililopotea.

La pili, changanyeni mazao. Pandeni kunde au maharagwe kati ya mahindi, na baada ya kuvuna yaacheni mashina na mizizi yake ardhini. Mkizing'oa zote na kuzitupa kando, mmeitupa mbolea.

La tatu, acheni au pandeni miti ya jamii ya kunde ndani ya shamba, kama mishai, kwa nafasi ya kutosha. Majani yake ni samadi ishukayo bila kubebwa.

La nne, msiiache ardhi uchi. Penye mteremko fanyeni matuta ya kukinga maji, na msilime kwa kina pasipo na sababu, kwa maana kila jembe likishuka hukata nyuzi zile tulizozitaja.

La tano, ni la wenye vitalu vya miche. Chukueni udongo kidogo, kwa ruhusa ya wenye mahali, chini ya mti mzima wa aina ile ile mnayoiotesha, mkauchanganye na udongo wa kitalu. Gao moja latosha miche mingi. Mmewapa watoto walezi wao.

Mzee yule, tulipomweleza mambo haya, alikaa kimya kitambo kirefu. Kisha akaingia ukingoni mwa msitu, akainama, akafukua majani kwa mkono, akatazama utando mweupe uliokuwa umeshikamana na majani na vijizizi chini yake. Akasema: "Basi mimi nimekuwa nikiumiliki udongo, nikaifukuza jamaa yake." Alipotuaga hakusema kwamba amesadiki yote. Alisema kwamba mwaka huu fungu moja la shamba hatalichoma, alilinganishe na lile jingine kwa macho yake mwenyewe.

Nasi twawaomba ninyi wasikilizaji mfanye kama mzee. Msisadiki kwa sababu tumesema. Jaribuni katika kipande kidogo cha shamba, mkaone.